Kufuata Mwenza

Seva niliikuta bado imo ndani ya boksi lake, chini ya meza, imefunikwa kwa pazia kuukuu isiingie vumbi. Aliyekuwa na kazi ile kabla yangu alikuwa ameshahamia Dodoma, na hakuna aliyekumbuka iliagizwa lini. Nilikuwa nimeajiriwa karibuni kama afisa TEHAMA wa halmashauri moja hapa mkoani Tabora, na mkuu wa kitengo aliniambia kwa kifupi anachotaka. Kila mtumishi aingie kwenye kompyuta kwa jina lake na nywila yake, popote atakapokaa, na akishaingia aone yanayomhusu tu. Kabla ya hapo kila kompyuta ilikuwa na nywila moja ya wote, imeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa pembeni mwa kioo. Mtu wa kilimo akipita ofisi ya mishahara kuazima chaja, aliweza kujua nani anakatwa nini.

Wakati huo mume wangu alikuwa tabibu kwenye kituo cha afya upande wa Uvinza, mkoa wa jirani. Tulifunga ndoa wote wawili tukiwa hatuna kazi. Ajira zilipotoka, jina lake likawa la kule na langu likawa la hapa nyumbani, na siku ile tulifurahi mpaka mama yangu akachinja kuku. Tulijua tutakaa mbali kidogo. Tulidhani uhamisho ni suala la kuandika barua, ukaambatanisha nakala ya cheti cha ndoa, ukavuta subira, mtu akaja. Binti yetu alikuwa bado ananyonya.

Nilipanga nyumba mtaa wa Chemchem, vyumba viwili na ua, mama akaja kutoka kijijini kunilelea mtoto. Asubuhi aliniamsha kwa Kinyamwezi, na jioni nilimkuta amembeba binti yangu mgongoni akipepeta mchele. Kitanda changu kilikuwa kikubwa mno. Mto wa upande wa pili niliuacha palepale, na mama alipofua mashuka aliurudisha palepale bila kusema neno.

Kazi ya seva ilinichukua muda kuliko nilivyotarajia. Wenzangu walipouliza inafanya nini, niliwaambia hivi: ukifungua kompyuta, yenyewe haikujui. Inakwenda kuiuliza seva, huyu ni nani, na anaruhusiwa kugusa nini. Seva inatazama kwenye saraka yake, yaani orodha ya majina yote, ikikukuta inajibu, mruhusu, ila asiende huku wala huku. Kwenye ubao wa ofisi nilichora mti. Shina lilikuwa halmashauri, matawi yalikuwa idara, na kwenye kila tawi nikaandika watu wake. Elimu lilikuwa tawi zito kuliko yote. Afya lilifuata. Kitengo chetu kilikuwa kijitawi cha watu watatu. Ule mti uliachwa pale ubaoni kwa miezi, na watu walikuwa wakiingia kujitafuta, wakijikuta wanacheka.

Kila jioni, saa kumi na mbili, mume wangu alinipigia. Kule kwake mtandao ulishika vizuri karibu na tanki la maji la kituo, kwa hiyo alitoka nje na kusimama hapo, na mimi nilisikia ndoo zikiwekwa chini na wanawake wakimsalimia. Tuliongea kila kitu. Alinihadithia siku yake yote kuanzia chai: mtoto aliyeletwa na homa na akaondoka anacheka, mjamzito aliyekataa kulala mpaka mkwewe aje, paka aliyezalia kwenye kabati la bandeji. Hakutaja majina ya wagonjwa, lakini niliwajua. Na mimi nilimhadithia matawi yangu. Alijifunza maneno yangu yote. Alijua akaunti ni nini, alijua kikundi ni nini, alijua kwa nini mtu wa stoo asiwe na ruhusa sawa na mhasibu. Wakati mwingine aliniuliza, "Leo umemfungulia nani?" kana kwamba mimi ndiye mwenye mlango.

Jumatatu tuliyoanza kutumia seva ile sitaisahau. Ofisi nyingi ziliingia bila shida, nikaanza kupumua. Halafu mtu akaja mbio kutoka jengo la nyuma, walipo watu wa maendeleo ya jamii, kusema kwamba kompyuta zao zote zimewakataa. Nilikwenda. Nywila zilikuwa sahihi. Niliziandika mwenyewe mbele yao. Waya zilikuwa nzima. Majina yalikuwemo kwenye saraka, kwenye tawi lao, bila kosa. Kompyuta ikisema haiwezi kumtambua mtu, na mtu mwenyewe amesimama nyuma yako amekunja mikono, jasho linakutoka. Mkuu wa idara yao alisema taratibu kwamba wana taarifa ya kupeleka mkoani siku ileile, na kama mambo yenyewe ni haya, basi warudishiwe utaratibu wa zamani.

Mchana nilikaa nyuma ya jengo nikampigia mume wangu. Haikuwa saa yetu, na alidhani mtoto anaumwa. Nilipomweleza, aliuliza kama anavyouliza kazini kwake.

"Hao waliokataliwa, wana nini wote ambacho wenzao hawana?"

Nilimwambia wako jengo moja. Akasema hiyo haitoshi, jengo haliumwi. Wamekula nini? Nilicheka huku machozi yako karibu. Lakini nilirudi na lile swali, nikasimama mlangoni, na badala ya kukaa kwenye kompyuta moja nikazitazama zote kwa pamoja. Pembeni chini ya kila kioo palikuwa na tarehe, na zile tarehe zilikuwa za miaka ya nyuma, wakati mimi niko sekondari. Mwisho wa wiki umeme ulikuwa umekatika. Kompyuta zile zilikuwa kuukuu, vibetri vyake vya kutunza saa vilikuwa vimekufa, na umeme uliporudi ziliamka hazijui leo ni lini. Seva haimwamini mtu ambaye saa yake imepishana na yake kwa zaidi ya dakika chache. Inadhani ni mwizi anayetumia ruhusa ya jana.

Nilirekebisha saa kwa mkono, moja baada ya nyingine, na kila moja ikafunguka. Kesho yake nilikwenda mtaa wa Mtendeni kwa fundi wa saa, mzee wa pale pale mjini ambaye baba yake naye alikuwa fundi, nikanunua vibetri vya duara vya kutosha jengo zima. Aliniuliza naendesha duka la saa wapi. Kisha nikazielekeza kompyuta zote ziwe zinachukua saa kutoka kwenye seva yenyewe. Jioni ile, penye tanki la maji, mume wangu alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Umeona, mgonjwa alikuwa anakwambia mwenyewe." Nilitamani aseme hivyo akiwa amekaa kwenye kiti cha jikoni, nimwekee chakula. Hamu ile ilinijia kifuani kama kiu, nikamwambia mama ananiita.

Barua yetu ya kwanza ya uhamisho ilikuwa imeshakwenda na kurudi. Ilijibiwa kwa adabu kwamba kituo hakina tabibu mwingine, kwa hiyo asubiri mpaka apatikane wa kushika nafasi yake. Hatukuwa na la kulalamika. Watu wa kule waliugua kama watu wa kwingine. Tuliandika ya pili, na ikajibiwa kwa maneno yaleyale, sahihi tu ndiyo iliyobadilika.

Kilichoniumiza ni kwamba uhamisho wa wengine ulipita mikononi mwangu. Afisa utumishi wetu alikuwa mama mmoja mtu mzima, mpole, mwenye miwani ya kuning'inia shingoni. Mtu akihamia kwetu, yule mama alikuja ofisini kwangu, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akanitajia jina na idara. Nami nikafungua akaunti, nikaiweka kwenye tawi lake, nikampa mtu nywila ya kuanzia ambayo lazima aibadilishe mara ya kwanza anapoingia. Mtu akihama, nilifunga. Ni kazi ya dakika chache. Unamchukua mtu kwenye tawi moja unamweka kwenye tawi jingine, na kwenye kioo hakuna barabara wala mizigo.

Siku moja alimleta mwalimu wa kike aliyehamia kwetu kutoka Kibondo. Alikuwa amevaa kitenge kipya na viatu vinavyombana. Nilipomwomba achague nywila, alikaa akifikiri, kisha akaandika huku anatabasamu, na mimi nikageuza uso kama inavyotakiwa. Nilimuuliza, kwa ajili ya kujaza tu kimya, amekuja kwa uhamisho wa aina gani.

"Kufuata mwenza," alisema. "Yuko nje ananisubiri."

Nilitazama dirishani. Alikuwapo kweli, mwanaume mrefu ameegemea pikipiki, ameshika mkoba wa mke wake kama kitu cha kuvunjika. Nilimaliza kazi, nikamkaribisha, nikamwonyesha mlango wa idara ya elimu. Kisha nilikwenda chumba cha seva, ambako feni inavuma na hakuna anayekusikia, nikalia mpaka nikatulia.

Likizo yangu ilipofika nilimchukua binti yetu tukapanda treni kwenda kwa baba yake. Alikuwa ameanza kuongea sana wakati huo. Alimjua baba kama sauti. Mama yangu akimwonyesha picha na kumuuliza huyu nani, aliinyooshea kidole simu. Mama alitufungia asali na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, akasema mtu akikaa ugenini anasahau ladha ya kwao.

Reli ile inafuata njia waliyopita wapagazi wa zamani. Bibi yangu alikuwa akitusimulia kwamba bibi yake aliolewa na mpagazi aliyekwenda pwani na mzigo begani, akarudi, akaenda upande wa Ujiji, na huko hakurudi. Alisimulia bila huzuni, kama jambo lililowapata watu wengi. Utotoni sikuwahi kuuliza yule mwanamke alisubiri vipi, alifanya nini jioni, alijuaje kwamba sasa imetosha. Nilikaa dirishani, Urambo ikapita, Kaliua wakauza karanga na uyoga, mapori ya miombo yakaenda bila kwisha, na yale maswali yakanijia yote pamoja. Mimi nilikuwa na simu. Yeye hakuwa na chochote ila watu waliopita wakitoka huko.

Mume wangu alikuwa stesheni tangu mapema. Alikuwa amekonda, amenyoa ndevu nilizozizoea. Binti yetu alijificha nyuma ya gauni langu, hakutaka kushikwa. Tulipofika nyumbani kwake mume wangu akaingia chumbani, akanipigia simu kutoka huko ili mtoto asikie sauti yake, na ndipo yule mtoto alipotoka nyuma yangu, akaenda mlangoni, akamtazama anavyoongea. Akatazama simu. Akamtazama tena. Kisha akamwendea.

Nilikaa kule siku za kutosha kuona maisha aliyokuwa akinihadithia. Niliona tanki lenyewe, dogo kuliko nilivyolidhania. Niliona kabati la bandeji. Wanawake waliokuja kuchota maji walinisalimia kama wanaonijua, na kweli walinijua, maana walikuwa wakisikia upande wake wa mazungumzo kila jioni. Mmoja aliniuliza kama zile kompyuta za jengo la nyuma bado zinasumbua. Watu walileta dagaa, wakaleta ndizi, wakaleta jogoo aliyefungwa miguu. Mara nyingi aliitwa tukiwa mezani, akaondoka na tonge mkononi, na nilipomfuata siku moja nilimwona ameinama juu ya kitanda cha mzee fulani, anamsikiliza kifua, amefumba macho. Sikuwahi kumwona na uso ule. Ulikuwa uso wa mtu aliye mahali pake.

Siku ya kuondoka bibi mmoja, mgonjwa wake wa miaka, alikuja kuniaga. Nilimwamkia. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniombea safari njema, akamsifu mtoto, na hakuuachia.

"Mwanangu," aliniambia, "usituchukulie daktari wetu."

Alisema huku anacheka, na waliosimama pale wakacheka, na mume wangu pia. Mimi nilijibu kwamba si mimi ninayehamisha watu, ni serikali. Nikacheka nao. Ila ndani ya treni lile neno lilikaa nami hadi Tabora. Nilimtaka mume wangu arudi nyumbani. Nilimtaka kwa mwili na kwa roho, kila siku iliyopita nilimtaka zaidi. Na sasa nilikuwa nimeshaona ni nani atakayebaki bila mtu siku nitakayompata.

Tuliandika barua ya tatu hata hivyo.

Miaka ilienda. Seva ya kwanza ilizeeka, nikajenga ya pili kwenye hospitali yetu ya wilaya ili moja ikizimika nyingine ijibu. Kila mtu niliyemwongeza huku alionekana na kule, kama mtandao kati yake ulikuwa mzima. Binti yetu alianza shule. Kwenye simu za jioni alikuwa na zamu yake kwanza, akamsomea baba yake ubao wote wa siku hiyo, mimi nikasubiri kando nikimenya vitunguu. Mume wangu alikuja likizo, akakaa kama mgeni tuliyempenda mno, tukampikia kila kitu, akaondoka. Baada ya kila likizo mama aliurudisha ule mto mahali pake.

Halafu asubuhi moja afisa utumishi aliingia ofisini kwangu, nikasimama kumwamkia, akaniashiria nikae. Alivuta kiti, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akavaa miwani yake.

"Fungua akaunti," alisema. "Idara ya afya. Tabibu."

Niliifungua ile sehemu ya kuongeza mtu kama nilivyofanya mara nyingi. Akaanza kunitajia jina, la kwanza, la kati, na nikawa nimeshaliandika lote kabla sijaelewa ninachoandika. La mwisho ndilo jina ambalo binti yangu analitumia shuleni. Mikono ilisimama. Yule mama hakusema hongera wala hakunigusa. Aliniacha, akatazama ubaoni, ambako siku hizo palikuwa na ratiba ya bakapu, zile nakala za akiba za seva.

"Kule wamepata mtu wa kushika nafasi," alisema baadaye. "Kijana, katoka chuo. Mwenzako hajaambiwa bado, barua itamfikia wiki hii. Nimeona nikwambie wewe kwanza."

Nilimshukuru. Nilimuuliza, sijui kwa nini nilimuuliza wakati ule, kama yeye naye aliwahi kuomba.

"Tuliomba mpaka tukaacha," alisema. "Wangu alistaafu yuko Mpanda. Aliporudi nyumbani tulikuwa wazee, tukawa tunapishana kwenye korido tunaombana radhi." Akavua miwani. "Malizia akaunti, mwanangu. Mpe kikundi cha matabibu, asije akakosa ruhusa ya vipimo."

Nilimaliza. Nikaiweka kwenye tawi la afya. Niliangalia saraka ikijipanga upya, jina lake likishuka mpaka kwenye herufi yake, katikati ya watu wengine, na nilikaa nalitazama mpaka mwenzangu wa ofisini akaingia kuuliza kuhusu printa.

Alihamia mwisho wa mwezi, na sanduku, godoro alilofungiwa na watu wa kule, na kuku wawili. Mama yangu alikaa wiki moja akaturudishia nyumba yetu, akaenda kijijini kulima. Asubuhi tuliondoka pamoja, mimi ofisini, yeye hospitalini. Siku yake ya kwanza aliingia kwenye mfumo bila shida. Najua kwa sababu nilikwenda kutazama kumbukumbu za seva, jambo lisilo la lazima. Jina lake lilikuwepo, limeruhusiwa, saa moja na nusu asubuhi.

Niseme ukweli kuhusu miezi iliyofuata. Jioni alifika nyumbani, akaoga, akakaa kwenye kile kiti cha jikoni, na akanyamaza. Nilimuuliza siku ilikuwaje. Alisema ilikuwa njema. Nikasubiri paka, nikasubiri mjamzito na mkwewe, hakuna kilichokuja. Hospitali ya wilaya ina matabibu wengi. Mgonjwa anapita kwa huyu, anapelekwa kwa yule, na jioni hujui aliishia wapi. Alikuwa hajui sukari tunaweka wapi, na aliona haya kuuliza. Usiku alilala ukingoni, kama mtu anayengoja kugongewa mlango. Mimi nilikuwa nimezoea kulala katikati.

Na saa kumi na mbili simu yake iliita. Walikuwa watu wa kule, muuguzi wake wa zamani, mgonjwa, mara nyingine yule kijana aliyeshika nafasi yake anauliza jambo. Alitoka uani, akasimama karibu na kamba ya nguo, na mimi jikoni nikaisikia ile sauti. Ilikuwa ileile. Ilicheka palepale ilipokuwa ikicheka, ilinyamaza palepale ilipokuwa ikinyamaza nikimsimulia matatizo yangu. Niligeuza ugali huku nasikiliza mume wangu akimpa mtu mwingine kitu ambacho kwa miaka yote kilikuwa changu.

Jioni moja nilizima jiko nikamfuata. Alikuwa amemaliza kuongea, lakini bado amesimama, ameshika simu. Binti yetu alikuwa kwa jirani. Nilimwambia nilichokuwa nacho, bila kukipanga.

"Ulipokuwa mbali ulikuwa unanihadithia kila kitu."

Hakuudhika.

"Kwenye simu hakuna kingine cha kufanya," alisema. "Ukinyamaza, mwenzako anadhani umekatika. Hapa nikinyamaza unaniona nipo."

"Nakuona. Ila sikusikii."

Alikaa kwenye jiwe la kufulia. Kisha akaniambia kwamba anawakumbuka. Kwamba kila asubuhi akiamka anasikia ndoo za watu wanaochota maji, na kumbe ni jirani anafagia. Kwamba yule bibi aliyenishika mkono siku ile amefariki, ameambiwa juzi, na hakujua anielezeje, kwa sababu mimi nilimwomba Mungu kwa miaka yeye aondoke kule na Mungu akasikia. Alisema alinitamani kule kila siku, hakuna siku aliyodanganya, na sasa yuko hapa na bado moyo wake umezoea kutamani, haujajua uache vipi. Nilikaa karibu naye. Jiwe lilikuwa dogo, tukabanana. Niliuliza yule bibi alikufaje, akanisimulia, tangu mwanzo, tangu alivyoanza kuja kituoni akitembelea fimbo, na giza likatukuta pale, binti yetu akarudi akatukuta na ugali umepoa.

Hatukupona siku ile, kama yeye angesema. Lakini alianza kunihadithia tena, nusu nusu, na nami nilijifunza kutouliza siku ilikuwaje, maana hilo ni swali la simu. Namuuliza kitu kimoja: huyo mwenye kikohozi, alirudi? Hapo anafunguka. Sukari sasa anajua ilipo. Mwaka juzi alirudi kule kuwasalimia, na tulimsindikiza stesheni mimi na mtoto, ambaye sasa ananipita kwa urefu.

Afisa utumishi alistaafu, nami nikaifunga akaunti yake kama taratibu zinavyotaka. Aliyekuja baada yake ananitumia majina kwa barua pepe. Bado nawahamisha watu kutoka tawi hadi tawi. Wanaokuja kufuata wenza wao nawajua kabla hawajasema, kwa namna wanavyotazama mlangoni, na natamani kuwaambia jambo, ila sijui ni jambo gani hasa, basi nawapa nywila ya kuanzia na kuwakaribisha.

Zipo jioni ambazo yeye yuko zamu hospitalini na mimi niko uani naanua nguo. Simu ya jirani ikiita mida ile, mkono wangu unakwenda mfukoni wenyewe. Namtamani. Anarudi baada ya saa moja, atakula, atavua viatu mlangoni, nitamsikia akikohoa bafuni. Hata hivyo namtamani, yeye yule, mwanaume wa karibu na tanki aliyetaka kujua leo nimemfungulia nani. Naanua shuka, nalikunja, naingia ndani kuwasha jiko.